Mkeka, Ngoma na Mkuki: Vifaa vya Maigizo katika Malezi ya Vijana wa Kamina

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahusu vitu ambavyo mchezaji huvishika mbele ya watazamaji, na namna vijana wa Kamina walivyofundishwa kuvishika katika vipindi mbalimbali vya historia. Tumesukumwa kuyaandika na lalamiko ambalo kila anayeshughulika na maigizo ya shule za sekondari katika Haut-Lomami amelisikia, na pengine amelitoa yeye mwenyewe: mchezo ulikuwa mzuri, ila vifaa havikupatikana. Kiti cha chifu hakikuwapo, bunduki ya bandia haikuwapo, ngozi ya chui haikuwapo. Kwa hiyo mwalimu akapunguza maonyesho mawili, na wanafunzi wakasimama wima kwa mstari wakisema maneno yao kwa zamu, mikono ikiwa imening'inia kama ya watu wanaosubiri kuitwa majina.

Tunakusudia kuonyesha kwamba lalamiko hilo lina historia, na kwamba chanzo chake si umaskini peke yake. Katika nchi ya Waluba kifaa kilikuwa mshiriki wa mchezo kabla hakijawa pambo la mchezo. Kiliweza kumwonya mchezaji, kumwongoza, hata kumwangamiza. Hali ya kukiona kifaa kama kitu cha kununuliwa na kupangwa nyuma ya mchezaji ilikuja baadaye, na tunaweza kuitajia mahali na miaka.

Kwanza neno moja kuhusu istilahi. Wahakiki wa tamthiliya ya Kiswahili wamelizoea neno maleba, ambalo hutumika kwa mavazi ya mganga na ya mcheza ngoma, na aghalabu huingiza humo kila kitu kinachoonekana jukwaani. Kwa madhumuni yetu inafaa kutenganisha. Maleba ni kile kinachovaliwa. Kifaa ni kile kinachoshikwa, kinachopigwa, kinachokaliwa au kinachorukwa. Mpaka huo huvukwa mara kwa mara, lakini unatufaa. Nayo maigizo ya viungo ni yale ambayo ndani yake mwili hutangulia na maneno hufuata, ikiwa yapo.

2.0 Ngoma juu ya shimo

Masimulizi ya asili ya ufalme wa Waluba yanafahamika sana, na tangu enzi za ukoloni yameandikwa na watu wengi, mmoja wao akiwa mmisionari Mwingereza W. F. P. Burton, aliyefika katika nchi hiyo mwaka 1915. Luc de Heusch aliyachambua mwaka 1972 kama visasili. Thomas Reefe mwaka 1981 akayatumia kwa tahadhari kama chemchemi ya historia. Ubishi baina ya njia hizo mbili hautuhusu hapa. Kinachotuhusu ni onyesho moja.

Nkongolo ndiye mtawala wa kale, mkatili, asiye na adabu za kifalme. Mbidi Kiluwe ni mwindaji mgeni aliyetoka mashariki, akazaa na dada yake Nkongolo mtoto aliyeitwa Kalala Ilunga. Kijana akakua, akawa shujaa kuliko mjomba wake, na mjomba akaingiwa na wivu. Nkongolo akaamuru shimo lichimbwe, ndani yake visimikwe vyuma vyenye ncha kali, na juu yake utandikwe mkeka. Kisha akaandaa karamu na kumwita mpwa wake aje acheze ngoma. Mpiga ngoma aliijua siri, lakini hakuweza kuitamka mbele ya mfalme. Akaitia siri hiyo katika mapigo. Kijana akacheza, akasikia, akaelewa. Katika baadhi ya masimulizi aliutumbukiza mkuki wake katika mkeka, na mkeka ukazama. Naye akaruka, akatoroka, akavuka mto Lualaba kwenda kwa baba yake, na baadaye akarudi na jeshi.

Tulitazame tukio hili kwa jicho la mtu wa jukwaani. Mfalme anatabasamu na kukaribisha, hasemi neno la ukweli. Mpiga ngoma hasemi neno lolote. Kijana naye hana mtu wa kumwuliza. Mgogoro mzima, yaani nani ataishi na nani atatawala, umewekwa juu ya vitu vitatu: mkeka unadanganya, ngoma inasema kweli, mkuki unathibitisha. Hadhira inajua mkeka unaficha nini, mchezaji hajui, na kila hatua anayopiga karibu na ukingo inawakata watu pumzi. Sijui tukio lolote katika tamthiliya ya Kiswahili iliyoandikwa linalofanya kazi kubwa hivyo kwa vitu vichache hivyo.

Tena tuangalie mkuki. Katika sherehe kama ile mkuki ni sehemu ya mapambo ya mcheza ngoma. Shujaa huucheza hewani, huuinua, huuzungusha. Lau kama Kalala Ilunga angalijifunza kuubeba mkuki kama pambo tu, angalikufa. Aliuokoa uhai wake kwa kuukumbuka mkuki kuwa kitu chenye uzito na ncha, kitu kinachoweza kuiuliza ardhi swali.

3.0 Mbudye: kufundishwa kabla ya kugusa

Walinzi wa masimulizi haya walikuwa wanachama wa Mbudye, chama cha wanaume na wanawake kilichotunza kumbukumbu ya ufalme kwa ngoma, nyimbo na vitu. Aliyeingia alipanda ngazi kwa ngazi, na ni wale wa ngazi ya juu waliofundishwa kusoma lukasa. Lukasa ni ubao mdogo wa kushikwa mkononi, uliobinywa katikati, ambao uso wake umejazwa shanga, simbi na vijiti, au umechongwa alama. Mgongo wake huchorwa kama gamba la kobe. Msomaji huushika kwa mkono wa kushoto na kuupapasa kwa kidole cha mkono wa kulia huku akiimba au kusimulia nasaba, safari za mashujaa na mahali patakatifu pa ufalme. Wataalamu wamelieleza jina lake kwa maana ya mkono mrefu.

Jambo ambalo Reefe alilidokeza mwaka 1977, na ambalo Mary Nooter Roberts na Allen Roberts walilieleza kwa upana mwaka 1996 katika kitabu na maonyesho yao juu ya sanaa na kumbukumbu ya Waluba, ni kwamba lukasa si maandishi yenye usomaji mmoja. Ushanga uleule unaweza kuwa mfalme leo na ziwa kesho, kutegemea anayesoma, wanaosikiliza na shauri lililowakusanya. Kwa hiyo kumbukumbu haimo katika ubao peke yake, wala haimo katika kichwa cha msomaji peke yake. Imo pale ambapo kidole kinakutana na ushanga. Hilo ni somo la maigizo kabla ya kuwa somo la historia. Fimbo za kifalme ziitwazo kibango nazo zilisomwa hivyo hivyo: husimikwa kando ya mwenyewe, kisha habari za ukoo wake husimuliwa kwa kufuata michongo yake.

Mfano wa pili ni kashekesheke, namna ya kale ya uaguzi. Mwaguzi na aliyemjia hukaa wakikabiliana na kushika kwa pamoja kifaa kidogo cha mti chenye kichwa kilichochongwa na mwili ulio wazi katikati, ili vidole vya wote wawili vipate nafasi. Maswali huulizwa, na kifaa hujibu kwa kwenda huku na huku, kwa kuzunguka au kugonga. Nani anayekisogeza? Swali hilo tunamwachia mwanatheolojia. Mwalimu wa maigizo anapaswa kuona jambo jingine: watu wawili wameshika kitu kimoja, kila mmoja amelegeza mkono kiasi cha kuweza kusikia mkono wa mwenzake, na kitu kilicho kati yao kimepata uhai ambao si wa huyu wala wa yule. Mwanafunzi wa maigizo ya viungo huweza kutafuta hali hiyo kwa miezi asiipate.

Hapa inatupasa kuweka mpaka. Hatusemi kwamba lukasa na kashekesheke ziingizwe darasani. Wazazi wengi wa Kamina ni watu wa makanisa na wangepinga, na wangekuwa na haki. Isitoshe, wenye vitu hivyo walikuwa na utaratibu wao wa nani aguse, lini, na baada ya mafunzo gani. Mwalimu anayechonga lukasa ya mbao za sanduku kwa ajili ya tamasha la shule amechukua umbo na kuiacha kanuni. Kinachoweza kuazimwa ni kanuni yenyewe: kwamba kushika kulifundishwa. Hakuna aliyekabidhiwa kitu kabla mkono wake haujaandaliwa.

4.0 Mwaka 1958: sauti bila mikono

Reli ya B.C.K. iliyounganisha Katanga na Kasai, ikipitia Kamina, ilikamilika mwaka 1928, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wabelgiji wakajenga hapo kituo kikubwa cha kijeshi. Pamoja na reli na jeshi zikaja misheni za Wafransisko, na pamoja na misheni zikaja shule. Mbudye haikufa, wataalamu waliofanya utafiti katika nchi ya Waluba mwishoni mwa miaka ya 1980 waliwakuta wanachama wake wangali wanacheza. Lakini kijana aliyetaka kazi ya ukarani alipita njia nyingine.

Katika mazingira hayo Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kamina mwaka 1953, na baada ya muda mfupi akaunda kundi lililoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Lilikuwa na wavulana wapatao 45 wa umri wa miaka tisa hadi kumi na minne, na walimu wapatao 15. Mnamo tarehe 23 Machi 1958 kundi hilo liliimba katika misheni ya Mtakatifu Bavo, Kamina, misa iliyokuja kujulikana duniani kote kwa jina la Missa Luba. Maneno yalikuwa ya Kilatini. Nyimbo na mapigo yalitoka katika jadi za Kongo. Kyrie ilifuata mtindo wa kasala, utenzi wa maombolezo, na Sanctus ilitokana na wimbo wa kuagana. Mwaka huohuo kundi likaenda Ulaya, likaimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na sauti zake zikatiwa katika santuri ya kampuni ya Philips. Mwimbaji kiongozi alikuwa mwalimu Joachim Ngoi.

Si haki kumfanya Haazen mwizi wa utamaduni na kumaliza hivyo. Kwa muda misa hiyo haikuandikwa. Waimbaji waliibuni papo hapo ndani ya mipaka waliyokubaliana, na huo ndio ufundi wa wazee wao hasa. Katika enzi ambayo shule nyingi za misheni zilitaka nyimbo za Ulaya tu, mtoto wa Kamina aliruhusiwa kuona kwamba ngoma ya kwao inafaa kuingia kanisani. Nani hasa aitwe mtunzi wa misa hiyo ni suala ambalo bado linajadiliwa, na lingehitaji makala yake.

Hoja yetu ni nyingine. Upande wa pili wa santuri ile uliwekwa nyimbo za kienyeji, na miongoni mwake mlikuwa na wimbo wa ndoa, wimbo wa askari na wimbo wa kazi. Msomaji ausikilize wimbo wa kazi akiwa amefumba macho. Sauti ni safi, zinapishana na kupokezana kwa nidhamu ya ajabu. Lakini wimbo wa kazi huzaliwa katika kifaa. Wanawake watatu wanapotwanga katika kinu kimoja, mchi wa kwanza ukishuka wa pili unapanda na wa tatu uko njiani. Anayekosea kidogo anamvunja mwenzake vidole. Wimbo ndio unaozuia michi isigongane. Katika santuri hamna kinu. Ulinzi umebaki, kinacholindwa kimeondoka. Wasikilizaji wa Ulaya waliusifu uzuri wa wimbo ule, na walikuwa sahihi, ila waliusifu kama mtu anayesifu mshono wa mfuko bila kuuliza mfuko ulibeba nini.

Wakati uleule, huko Brussels, Maonyesho ya Dunia yalikuwa yamefunguliwa tarehe 17 Aprili 1958. Katika sehemu ya Kongo kilijengwa kijiji cha kuigiza, na Wakongo wakaketishwa humo nyuma ya uzio, wachonge, wasuke, waonekane. Baadhi ya watazamaji waliwarushia ndizi. Kufika Julai wakazi wa kijiji walikataa kuendelea, wakarudi kwao, na vibanda vikabaki vitupu ilhali maonyesho yaliendelea hadi Oktoba. Tukiyaweka mambo haya mawili pamoja, tunaona mgawanyo uliokamilika: vijana wa Kamina walipelekwa wakiwa sauti, mafundi wakawekwa uzioni wakiwa mikono. Waliokuwa jamii moja ya watu wanaoimba kwa sababu wanafanya kazi waligawanywa, hawa wasikilizwe, wale watazamwe.

Mgawanyo huo uliendelea. Mwaka 1964 misa ilichapishwa kwa noti, na kwaya za nchi nyingi zikaiimba kutoka katika karatasi. Mwaka 1968 Lindsay Anderson alitoa filamu yake If...., inayohusu wanafunzi wa shule ya bweni ya Uingereza wanaoasi walimu wao, na ndani yake mwanafunzi mmoja anaipiga Sanctus ya Kamina katika gramafoni chumbani mwake. Hebu tulitafakari hilo. Wanafunzi wa shule ya Kamina wamekuwa kifaa katika mkono wa mwanafunzi mwigizaji wa Uingereza. Lukasa nayo ilipata hali ya namna hiyo. Katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani imewekwa nyuma ya kioo, na kitu kilichotengenezwa ili kiguswe kinalindwa kisiguswe.

5.0 Kofia ya chui na firigisi ya kuku

Baada ya uhuru na vita vya kujitenga kwa Katanga, vilivyokwisha mwaka 1963, kipindi cha pili cha mafunzo kilikuja na chama cha M.P.R., kilichoundwa mwaka 1967. Katika miaka ya 1970, Kamina ikiwa katika mkoa uliopewa jina la Shaba, wanafunzi walicheza tena ngoma za jadi, safari hii kwa kumsifu Rais. Shughuli hiyo iliitwa animation. Ilirudisha mwili shuleni, hilo ni kweli: watoto waliimba, walicheza, walijipanga kwa maumbo. Lakini vifaa vyote vilikuwa na maana moja iliyokwisha kuamuliwa mahali pengine. Vitenge vilichapwa uso wa Rais na mwenge wa chama, na mchezaji alivivaa mwilini bila nafasi ya kuvisomea maana nyingine. Rais mwenyewe alikuwa bingwa wa vifaa: kofia ya chui kichwani, fimbo iliyochongwa mkononi, na mashavu ya televisheni yakijaa kila jioni. Fimbo ile ilikuwa ndugu wa mbali wa kibango. Tofauti ni kwamba kibango kilisomwa na msimulizi mbele ya watu, na fimbo ya Rais haikusomwa na mtu.

Jibu lilitoka Lubumbashi, kwa wachezaji ambao hawakuwa wanafunzi. Kundi la Mufwankolo lilikuwa limejijengea jina kwa michezo yake ya redio na televisheni katika Kiswahili cha Shaba. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1990, ameeleza jinsi mchezo mmoja wao ulivyozaliwa mwaka 1986. Alialikwa chakula, akapewa firigisi ya kuku, na alipotaka kuigawa aliambiwa kwamba firigisi hailiwi kwa kugawana, kwani madaraka huliwa mazima. Aliwauliza wachezaji maana ya msemo huo, nao wakaamua kuujibu kwa mchezo. Hawakuwa na maandishi ya mazungumzo. Walikubaliana juu ya mtiririko wa matukio, wakajadiliana, wakafanya mazoezi kwa kubuni, na hatimaye wakaucheza katika kijiji cha Kawama mbele ya kamera za televisheni ya taifa.

Jambo linalotuvutia ni kwamba swali zito la siasa, katika nchi iliyokuwa na chama kimoja na mtu mmoja, liliweza kuulizwa hadharani kwa sababu lilianzia katika kitu kidogo kilichokuwa sahanini. Mtu angeandika insha juu ya mgawanyo wa madaraka mwaka ule angejibu mahali fulani. Firigisi hailazimiki kujibu. Kila aliyewahi kula kuku katika familia kubwa anajua firigisi ni ya nani, na anajua walioikosa wanaitazamaje. Hii ndiyo njia ya mpiga ngoma wa Nkongolo: ukweli usiotamkika mbele ya mfalme hupewa kitu kiuseme.

6.0 Darasani

Watu wengine hudhani kwamba maigizo ya viungo ni mtaala wa kigeni. Ni kweli kwamba Jacques Lecoq alifungua shule yake Paris mwaka 1956, wakati Haazen akiwafundisha wavulana wake, na kwamba Jerzy Grotowski wa Poland, katika mchezo wa Akropolis mwaka 1962, aliwapa wachezaji mabomba ya jiko, toroli na beseni la kuogea wavifanye kila kitu. Ni kweli pia kwamba mwishoni mwa mwaka 1972 Peter Brook alipita Sahara na kundi lake akitandika zulia sokoni, na mojawapo ya michezo yao ilianzia katika jozi ya viatu vilivyowekwa katikati ya zulia. Kundi zima lilivuka jangwa kutafuta kile ambacho bibi wa Kamina anacho nyuma ya mlango, yaani mkeka. Wasomwe, wanafaa kusomwa. Ila mwalimu wa sekondari asidhani kwamba analazimika kupitia Paris ili afike Kabongo.

Tulipopata nafasi ya kufanya mazoezi na wanafunzi wa darasa la tano katika shule moja ya mji huu, tulianza na mchi. Tuliwaomba watwange hewani, bila kitu mkononi. Walitwanga kwa kasi, mikono ikipanda na kushuka kama ya mtu anayefukuza nzi; mchi ule wa hewani haukuwa na uzito. Kisha tukaleta kinu na michi mitatu. Wasichana walicheka, kwa kuwa walijua kitakachotokea, na wavulana wawili wakaumia vidole. Baada ya siku nne wimbo ulijitokeza wenyewe, kwa sababu bila wimbo hawakuweza kuendelea. Hapo ndipo tulipowanyang'anya michi. Mikono ikabaki na uzito: magoti yalikunjika mahali pake, pumzi ilitoka mahali pake, na mtu aliyesimama dirishani aliona kinu. Kuondoa kifaa kabla mwili haujakijua ndilo kosa la santuri ya 1958. Kukiondoa baada ya mwili kukijua ni ufundi.

Zoezi la pili lilikuwa la ufito mfupi, wawili wawili, kila mmoja akiushika kwa vidole viwili upande wake, na wote wakikatazwa kuuongoza. Hatukulitaja jina la kashekesheke. Mzee mmoja aliyekuwa akipita uani alisimama, akatazama kwa muda mrefu, akaenda zake bila kusema neno. Bado najiuliza kama tulivuka mpaka niliouweka katika sehemu ya tatu ya makala haya. Zoezi lilikuwa zuri, sijalirudia.

La mwisho lilikuwa mkeka. Hatukuchimba shimo. Tuliutandika juu ya sakafu ya saruji, tukamwambia mmoja apige ngoma juu ya meza, mwingine awe mjomba, na mwingine apewe mpini wa ufagio. Mara tatu walicheza juu ya mkeka kama juu ya sakafu, nasi tukawasimamisha. Mara ya nne yule mwenye mpini, mvulana mpole ambaye kwa wiki nzima hakuwa amesema maneno kumi, alifika ukingoni akasita. Akaupapasa ukingo kwa kidole cha mguu, kama mtu anayepima maji. Aliyekuwa mezani akabadili mapigo bila kuambiwa. Darasa likanyamaza. Mvulana akaushusha mpini polepole katikati ya mkeka, na ulipogonga saruji wote tulishtuka, kwa kuwa tulikuwa tumetazamia uzame.